SOMO KWA WANANCHI: KUPIMA BEI YA HAKI YA MSUMENO WA MOTO ULIOKWISHATUMIKA

Misumeno ya moto ya zamani huuzwa na kununuliwa mara kwa mara katika visiwa vyetu. Hutumika kuangushia minazi mikongwe, kupasulia mbao za miembe na kuondolea miti iliyoangushwa na upepo barabarani. Wauzaji wake ni wa aina mbili: wananchi wenye mashine zao, na taasisi za Serikali zinazoondoa mali chakavu kwa njia ya mnada.

Kwa wote hao swali ni moja: bei ya haki ni ipi? Mnunuzi akitoa kupita kiasi, akiba ya kikundi au kiinua mgongo cha mstaafu huishia katika chuma kisichofanya kazi. Ofisa akikadiria chini mno, Serikali hupoteza mali yake. Akikadiria juu mno, mashine hukosa mnunuzi ikabaki ghalani kuliwa na kutu.

Msingi wa somo hili ni mmoja. Bei ya mashine ya zamani haipimwi kwa umri wake, wala kwa jina lake, wala kwa fedha alizotoa mwenyewe siku alipoinunua. Hupimwa kwa kazi iliyobaki ndani yake, kisha ikatolewa gharama ya kuirejesha kazini.

1. Umiliki

Kabla ya kuzungumza bei, muuzaji aonyeshe risiti, hati ya mnada au maandishi mengine yanayothibitisha kuwa mashine ni yake. Namba ya mashine isomeke na ilingane na maandishi hayo. Mashine ambayo namba yake imekwaruzwa au kusagwa haina bei ya haki, kwani mnunuzi anaweza kunyang'anywa wakati wowote.

Aidha, mnunuzi afike mapema katika ofisi ya misitu ya Wilaya kuulizia masharti ya kumiliki na kutumia msumeno wa moto. Kuwa na msumeno si ruhusa ya kukata miti. Ukataji unaongozwa na vibali, chini ya Sheria Namba 10 ya mwaka 1996 inayohusu hifadhi ya rasilimali za misitu Zanzibar.

2. Asili ya mashine

Mashine za viwanda vyenye sifa, kama Stihl ya Ujerumani na Husqvarna ya Sweden, hudumu miaka mingi, na vipuri vyake hupatikana. Mfano unaojulikana sana ni Stihl 070, yenye silinda ya ujazo wa sentimita 106, ambayo imetumika kupasulia magogo makubwa katika nchi nyingi za joto. Hata hivyo, mashine hiyo ina nakala nyingi zinazofanana nayo kwa rangi na umbo. Nakala si lazima iwe mbovu, lakini isilipiwe bei ya asili. Fundi mzoefu ataitambua kwa maandishi yaliyopigwa kwenye chuma na kwa ubora wa skrubu na viungo vyake.

3. Ukaguzi kabla ya kuwasha

Mashine ikaguliwe ikiwa baridi. Muuzaji aombwe mapema asiiwashe, kwani mashine iliyopashwa moto huficha ugumu wa kuwaka.

(a) Mwili. Mwili wa misumeno mingi umetengenezwa kwa aloi ya magnesi, nayo huliwa haraka na chumvi ya bahari. Unga mweupe na vishimo karibu na skrubu ni dalili kwamba mashine imesafirishwa au kuhifadhiwa vibaya.

(b) Mgandamizo wa hewa, ambao mafundi huuita kompresheni. Mnyororo uondolewe na swichi izimwe. Kisha mashine ining'inizwe kwa mpini wa kamba yake ya kuwashia, karibu na ardhi, mkono wa pili ukiwa tayari kuipokea. Yenye kompresheni nzuri hushuka polepole kwa vituo. Iliyochoka huteremka mfululizo. Ikiwa mashine ina vali ya kupunguza mgandamizo, vali hiyo ifungwe kwanza.

(c) Pistoni. Ekzosi ifunguliwe na pistoni itazamwe kupitia tundu la moshi. Uso wake uwe laini. Mikwaruzo ya wima ni dalili kwamba mashine iliwahi kukamata, mara nyingi kwa kukosa oili. Hiki ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote, na muuzaji anayekataa kifanyike amekwisha kumjibu mnunuzi. Fundi aliyezoea Vespa za zamani anaweza kuifanya kazi hii, kwa kuwa injini zote mbili ni za mipigo miwili.

(d) Beringi na sili. Gurudumu la sumaku litikiswe juu na chini. Likicheza, beringi za shafti zimekwisha.

(e) Bamba na mnyororo. Bamba linaloongoza mnyororo liwe limenyooka na mfereji wake usiwe umepanuka. Meno ya mnyororo yatazamwe yamebaki urefu gani. Minazi huyachosha meno haraka, kwani shina la mnazi ni gumu zaidi upande wa nje.

4. Ukaguzi wa mashine ikifanya kazi

Baada ya mnyororo kurejeshwa na kukazwa, mashine iwashwe na kuachwa iungurume bila kubanwa mafuta. Mnyororo usizunguke katika hali hiyo. Ukizunguka, kabureta inahitaji kurekebishwa au klachi ni mbovu. Sauti ikipanda yenyewe bila kuguswa, huenda sili zinavuta hewa. Ncha ya bamba ielekezwe kwenye karatasi bila kuigusa, na mafuta zikiongezwa matone ya oili yaonekane. Mwisho, gogo likatwe kwa dakika kadhaa, mashine izimwe, na iwashwe tena ikiwa ya moto. Mashine nyingi zilizochoka hushindwa katika jaribio hili la mwisho.

Muuzaji aulizwe pia kiwango chake cha kuchanganya mafuta. Mashine nyingi za zamani hutumia sehemu moja ya oili kwa sehemu 25 za petroli, yaani robo lita kasoro kidogo (mililita 200) kwa lita 5. Asiyejua kiwango anachotumia hakuitunza mashine yake.

5. Usalama

Misumeno mingi ya zamani haina breki ya mnyororo wala mipira ya kupunguza mtikisiko. Upungufu huu si wa kupunguziwa bei tu. Bamba likirushwa nyuma, breki ndiyo kinga ya uso na shingo ya mkataji. Mwajiri asinunue mashine isiyo na breki kwa ajili ya kumpa mfanyakazi wake.

6. Hesabu

Chukua bei ya leo dukani ya mashine mpya yenye nguvu sawa. Ikiwa mashine ya zamani ina pistoni safi na kompresheni nzuri, anzia nusu ya bei hiyo. Ikiwa kompresheni imepungua lakini inafanya kazi, anzia theluthi. Ikiwa pistoni imekwaruzwa, hesabu thamani ya vipuri vinavyofaa tu. Kisha toa gharama za matengenezo.

Mathalan, tuchukulie kuwa mashine mpya ni Shs. 2,000,000. Hizi ni tarakimu za mfano, si bei iliyotangazwa.

Nusu ya bei mpya: Shs. 1,000,000
Toa bamba jipya: Shs. 120,000
Toa mnyororo: Shs. 60,000
Toa sili na ujira wa fundi: Shs. 80,000
Toa plagi na chujio: Shs. 20,000
Bei ya haki: Shs. 720,000

Mnunuzi akumbuke kwamba Shs. 280,000 za matengenezo bado zitatoka mfukoni mwake. Gharama yake kamili ni Shs. 1,000,000. Ikiwa baada ya kulipia mafuta na msaidizi anabakiwa na Shs. 20,000 kwa siku, atahitaji siku 50 za kazi kurejesha fedha zake. Ajiulize kama siku hizo, zenye vibali halali, zitapatikana kabla ya masika. Kama hazipo, kukodi ni bora kuliko kununua.

7. Kwa maofisa wanaosimamia mali za Serikali

Mali ya Serikali huuzwa kwa kufuata sheria ya uondoshaji wa mali za umma, si kwa mapatano ya mdomo. Taarifa ya ukaguzi ieleze hali ya pistoni, kompresheni na bamba, badala ya neno moja tu "chakavu". Wananchi wapewe nafasi ya kuitazama mashine kabla ya mnada. Aliyeikadiria asiwe mnunuzi, yeye wala mtu wake.

Wananchi wanakumbushwa kutokubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Muuzaji mwaminifu hapotezi kitu kwa mashine yake kufunguliwa. Ukaguzi ndio unaomthibitishia bei anayoitaka. Mapatano yakifikiwa, yaandikwe mbele ya mashahidi, yakitaja namba ya mashine, bei na tarehe, na kila upande ubaki na nakala yake.