Keki Haisemi Samahani: Somo Kutoka Jikoni



Leo hatuanzii kanisani, tunaanzia jikoni. Wengi wetu tumezoea kudhani Mungu tunamkuta kwenye Misa tu, na tukirudi nyumbani kila mtu anaendelea na mambo yake. Mimi kuna Jumamosi moja alinifundisha kwa sufuria, mkaa na unga wa ngano, na somo lenyewe halijanitoka mpaka leo.

Napenda kuoka. Nilifundishwa na shangazi, na nyumbani hatuna oveni, tunaokea jiko la mkaa. Raha yake aijuaye ni aliyeoka: harufu ya siagi na iliki ikishaanza kutoka, watoto wa jirani wanajileta wenyewe, tena wanatoa shikamoo bila kukumbushwa! Keki ndogo tu inajaza uwanja watu. Ndiyo maana mtu haoki vitamu ale peke yake. Ukila peke yako, ile raha yote haipo.

Sasa nikusimulie kilichotokea.

Kwaya yetu ya vijana tulichangishana hela ya sare, na rafiki yangu mkubwa ndiye aliyekuwa mtunza hazina. Siku ya kuhesabu ikapungua elfu sitini. Mimi, bila hata kumpigia simu, nikaandika kwenye grupu la WhatsApp kwamba waliokula hela ya Bwana wairudishe kabla ya Jumapili. Sikutaja jina. Lakini nani asingejua ninamsema nani?

Wiki mbili baadaye ukweli ukajulikana. Wanakwaya watatu walikuwa wamemlipa fundi cherehani moja kwa moja, elfu ishirini kila mmoja, na daftari la fundi lilikuwa na majina yao. Hela ilikuwa imetimia tangu mwanzo. Kwenye grupu watu wakaandika "sawa, tumeelewa", mazungumzo yakahamia kwenye mazoezi. Rafiki yangu akaandika "Nashukuru", kisha akatoka kwenye grupu. Akaacha na kwaya. Akawa anasali Misa ya kwanza, mimi nasali ya pili. Miezi saba hatukusalimiana.

Siku yake ya kuzaliwa ilipofika nikapata wazo: nimuokee keki. Nikaoka nzuri kweli, nikaipiga picha, nikaiweka stetasi, watu wakaisifia. Nikaiweka kwenye sahani ya mama, ile ya maua, nikampelekea. Akaipokea kwa mikono miwili, akaniuliza, "Hii keki inasema nini?" Nikajichekesha, nikamwambia inasema heri ya kuzaliwa. Akaitikia kwa upole kabisa: "Basi asante. Lakini keki haisemi samahani."

Nilirudi nyumbani bila sahani na bila neno.

Basi hebu tukae chini tujifunze. Nimeyagawa mafundisho matatu, na mwishoni nitakueleza ilikuwaje.

FUNDISHO LA KWANZA: Anayeshiriki hasubiri awe nacho kingi

Fungua kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 17. Kulikuwa na ukame, na nabii Eliya akatumwa Sarepta kwa mama mjane. Mama huyu alibakiwa na konzi ya unga tu ndani ya chombo na mafuta kidogo chupani. Alikuwa anaokota kuni apike, ale na mwanawe, kisha wangoje kufa. Eliya akamwomba amtengenezee kwanza yeye mkate mdogo. Ukilisoma haraka unaweza kumwona nabii ana roho ngumu. Lakini yule mama alifanya hivyo, na unga ule haukuisha wala mafuta hayakupungua mpaka mvua iliponyesha.

Sisi vijana tunasema, "Nikipata kazi nitasaidia," au "Nikiwa na oveni yangu nitawaalika." Mama wa Sarepta hakuwa na cha ziada hata kimoja. Kama una unga wa mandazi kumi, mawili yanaweza kwenda kwa mwenzako anayeishi peke yake geto. Usidharau mandazi mawili.

Kanisa linaye mtakatifu kijana wa kutufundisha hapa, Mtakatifu Elizabeti wa Hungaria. Alizaliwa mwaka 1207, binti wa mfalme, akaolewa akiwa na miaka 14. Njaa ilipopiga mwaka 1226, mumewe akiwa safarini Italia, Elizabeti alifungua maghala ya ngome akawagawia maskini chakula. Mwaka uliofuata mume akafariki, naye akawa mjane wa miaka 20. Akajenga hospitali mjini Marburg, Ujerumani, na kuwahudumia wagonjwa kwa mikono yake. Alifariki mwaka 1231 akiwa na miaka 24 tu, na mwaka 1235 Papa Gregori wa Tisa akamtangaza mtakatifu. Tunamkumbuka tarehe 17 Novemba, na waokaji wa mikate wanamhesabu kuwa msimamizi wao. Angalia umri wake, halafu angalia wa kwako. Bado tunasema sisi ni wadogo?

FUNDISHO LA PILI: Hamira hufanya kazi mahali pasipoonekana

Yesu mwenyewe alitumia jiko kuueleza Ufalme wa Mungu. Katika Mathayo 13:33 anaufananisha na hamira ambayo mwanamke aliichanganya katika pishi tatu za unga, hadi wote ukaumuka. Wengi tunaangalia hamira tu, tunasahau unga. Pishi tatu za wakati ule ni zaidi ya lita 20! Huo si unga wa familia moja, ni wa kulisha mtaa mzima. Na kipimo hichohicho tunakikuta katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 18, Abrahamu anapomwambia Sara akande vipimo vitatu vya unga kwa ajili ya wageni watatu. Wageni watatu, unga wa mtaa. Ndivyo Mungu anavyopenda ukarimu: usipimwe kwa kijiko cha chai.

Tena hamira ikishachanganywa huioni. Ukifunua kitambaa kila baada ya dakika mbili kuangalia kama donge limeumuka, unapoza tu. Wema nao uko hivyo. Hapa ndipo mimi nilipoanguka: keki ya rafiki yangu ilionwa na watu wote wa stetasi kabla yeye mwenyewe hajaiona. Ilikuwa keki yake au sifa zangu? Sisemi kuposti ni dhambi. Ila jiulize: kama kusingekuwa na picha, je, ningeoka?

FUNDISHO LA TATU: Zawadi haichukui nafasi ya toba

Hili ndilo zito. Katika Mathayo 5:23-24 Yesu anatuambia kwamba ukiwa unaleta sadaka altareni, ukakumbuka kuna ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka palepale, uende kwanza ukapatane naye, kisha urudi uitoe. Angalia mpangilio wake: kupatana kwanza, sadaka baadaye. Kama Mungu mwenyewe yuko tayari kuisubiri sadaka yake, itakuwaje sisi tutumie keki kuruka hatua ya kwanza?

Na hili tunalifanya sana. Kaka anamtukana dada yake asubuhi, jioni anamletea chipsi. Mtu anamsengenya mwenzake, kisha anamtumia vocha. Kitamu kinaziba mdomo, hakitibu kidonda. Sakramenti ya Kitubio inatufundisha njia nyingine: kujichunguza, kujuta, kuungama kwa kinywa, kukusudia kutorudia, na kutimiza malipizi. Huwezi kumpelekea padre keki badala ya kuungama! Na kama dhambi imemharibia mtu jina lake, haki inadai ulisafishe pale ulipolichafua.

SASA, ILIKUWAJE?

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kuungama. Kesho yake baada ya Misa nikaenda kwake mikono mitupu. Nikamwambia: "Nilikusingizia. Sikukuuliza, na ukweli ulipojulikana nilinyamaza kwa sababu ya aibu. Naomba unisamehe." Hakunikumbatia. Alisema, "Nimekusikia," akaniaga. Jioni hiyo nikaandika kwenye grupu lilelile, kwa jina langu na jina lake, kwamba nilimkosea na kwamba hakuwahi kupoteza hata shilingi ya kwaya. Vidole vilitetemeka. Kuoka keki kumi kungekuwa rahisi zaidi.

Zikapita wiki tatu bila neno. Siku moja mdogo wake akagonga mlango, ameleta sahani ya mama. Ndani yake mlikuwa na vipande vinne vya mkate wa kumimina, bado vya moto. Unajua desturi yetu: chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Sikuhitaji ujumbe mwingine. Kwaya hajarudi mpaka leo, na simlazimishi. Lakini tunasalimiana, na Krismasi iliyopita tulikaanga visheti pamoja.

TUOKE PAMOJA: keki ya jiko la mkaa

Usije ukasema nimekupa maneno matupu. Haya, andaa:

- Unga wa ngano vikombe 2
- Sukari kikombe 1
- Siagi robo kilo
- Mayai 4
- Maziwa nusu kikombe
- Beking pauda vijiko vya chai 2
- Iliki iliyosagwa au vanila, na chumvi kidogo sana

Saga siagi na sukari kwa mwiko mpaka viwe laini na vyeupe. Hapo usiwe na haraka, ndipo keki inapopata wepesi wake. Tia yai mojamoja huku unakoroga. Chekecha unga na beking pauda, uongeze kidogokidogo ukipokezana na maziwa, kisha utie iliki. Paka siagi chombo cha kuokea, umimine.

Chukua sufuria kubwa, weka mchanga mkavu chini, funika, uipashe moto kama dakika 10. Weka chombo chako juu ya mchanga, funika, halafu panga makaa ya moto juu ya mfuniko. Moto wa chini uwe mdogo, wa juu uwe mwingi. Baada ya dakika 40 hivi choma katikati kwa kijiti kisafi. Kikitoka kikavu, imeiva. Angalizo: okea nje au mahali penye hewa ya kutosha. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na katika chumba kilichofungwa inaua.

Mambo mengine madogo ya kuzingatia: kuna marafiki wenye kisukari au wasiokula mayai, waulize kabla hujawaokea, maana upendo unamwangalia mtu. Kumbuka pia kutokula saa nzima kabla ya kupokea Komunyo, hata kama keki inakuita. Na Kwaresima si lazima jiko lizimwe: unaweza kuoka, usile wewe, ukapeleka yote kwa wazee au kwa mgonjwa.

KAZI YA WIKI HII

1. Oka au pika kitamu kimoja, hata kama ni mandazi au kashata. Mpelekee mtu asiyetarajia. Usipige picha.
2. Kabla hujaanza kukanda, jiulize: kuna mtu ninayemdai au anayenidai neno la msamaha? Kama yupo, anza naye, jiko litasubiri.
3. Kwenye jumuiya au kikundi chenu, jadilini: ni lini zawadi inajenga urafiki, na ni lini inaficha kosa? Mama wa Sarepta anatufundisha nini sisi tusio na ajira?

TUSALI

Ee Bwana Yesu, wewe uliyewaandalia wanafunzi wako samaki na mkate juu ya makaa pale kando ya ziwa, akiwemo Petro aliyekukana, ingia jikoni kwetu. Ubariki mikono inayokanda na wote watakaokula. Utupe moyo wa kushiriki kidogo tulicho nacho, na ujasiri wa kusema samahani kwa kinywa chetu wenyewe. Utukutanishe na wale tuliowapoteza, mpaka tuketi wote kwenye karamu yako isiyo na mwisho. Amina.

Mtakatifu Elizabeti wa Hungaria, utuombee!

Haya kijana mwenzangu, kawashe jiko. Na kama kuna sahani ya mtu iko kabatini kwenu muda mrefu, wiki hii irudishe, na usiirudishe tupu.

Tumsifu Yesu Kristo!