Tembe za Kila Siku na Tumbo la Mzee

IWAPO una mama, baba au nyanya anayeishi kule Kitui au Makueni, huenda umewahi kuambiwa kwenye simu: ukija nyumbani, usisahau zile dawa za magoti. Nawe, kabla ya kupanda gari, unapitia duka la dawa mjini Nairobi, unanunua pakiti mbili tatu za diklofenaki au ibuprofeni na kuzitia mfukoni pamoja na sukari na majani ya chai. Ni jambo la upendo. Hata hivyo, tembe hizo zikimezwa kila siku kwa miezi na miaka, zinaweza kumjeruhi mzee tumboni bila yeye kuhisi lolote.

Wiki hii tunaeleza jinsi dawa zinazotumiwa kwa muda mrefu zinavyoathiri tumbo na utumbo wa watu wa umri mkubwa, na yale unayoweza kufanya ili kumkinga mzee wako.

Mbona wazee humeza dawa nyingi?

Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.7 nchini Kenya wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Katika Ukambani, mtu aliyefikisha miaka 70 mara nyingi ameinama na jembe tangu utotoni, amechimba matuta ya fanya juu na kubeba mitungi ya maji mgongoni kutoka mtoni. Magoti, kiuno na mgongo huchakaa. Juu ya hayo huja presha, na wengine hupata kisukari.

Kaunti ya Makueni, kupitia mpango wa Makueni Care ulioanzishwa mwaka wa 2016, iliwawezesha wakazi kutibiwa katika hospitali zake kwa ada ya Sh500 kwa kila familia kwa mwaka, na wazee waliopita miaka 65 wakatibiwa bila malipo. Mipango ya namna hii husaidia sana kugundua presha na kisukari mapema. Lakini dawa ya hospitali haiondoi ile ya dukani. Mzee hupewa dawa ya presha katika kliniki moja, ya kisukari katika nyingine, ya maumivu akainunua siku ya soko, na nyingine akaletewa na watoto kutoka mjini. Kila mmoja anaongeza, wala hakuna anayezihesabu zote. Wataalamu husema kwamba mtu anayetumia aina tano za dawa au zaidi kila siku anafaa kuangaliwa kwa makini zaidi.

Tumbo la mzee si la kijana

Ndani ya tumbo mna asidi kali inayosaga chakula. Kinachozuia asidi hiyo isile tumbo lenyewe ni ute mzito unaofunika ukuta wake. Umri unapoendelea, kinga hiyo hudhoofika. Figo na ini nazo hufanya kazi polepole, hivyo dawa hukaa mwilini kwa muda mrefu zaidi. Utumbo husukuma chakula kwa uvivu, na mzee hahisi kiu upesi kama zamani. Ndiyo maana dawa ambayo kijana huimeza bila shida inaweza kumletea mzee madhara makubwa.

Dawa za kutuliza maumivu

Mwaka wa 1971 mtaalamu Mwingereza, John Vane, alieleza jinsi aspirini inavyofanya kazi, na mwaka wa 1982 akapata Tuzo ya Nobel. Aligundua kwamba dawa hiyo huzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Kemikali hizo huleta maumivu na uvimbe, lakini hizo hizo ndizo zinazolifanya tumbo litoe ute wa kujikinga. Kwa hivyo tembe inayotuliza goti ndiyo hiyo hiyo inayoliacha tumbo wazi mbele ya asidi. Ibuprofeni, diklofenaki na nyingine za jamii hiyo hufanya vivyo hivyo. Huongeza hatari ya vidonda na kutokwa na damu tumboni kati ya mara mbili na mara nne hivi, na hatari huwa kubwa zaidi kwa waliopita miaka 65.

Wengi huamini kwamba ukila kwanza, au ukidungwa sindano badala ya kumeza, tumbo litasalimika. Si hivyo. Chakula hupunguza kiungulia tu. Madhara makubwa hupitia kwenye damu, hata dawa ikiingia kwa sindano.

Mambo huwa mabaya zaidi dawa hizi zikichanganywa na aspirini ya moyo, na warfarini inayozuia damu kuganda, au na prednisoloni. Ujihadhari na zile tembe za rangi mbalimbali zinazouzwa katika bahasha ya kaki bila jina. Huwezi kujua kilichomo.

Kuna pia viini viitwavyo Helikobakta pailori, vilivyogunduliwa mwaka wa 1982 na madaktari wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren. Viini hivyo huishi tumboni na husababisha vidonda. Mwenye viini hivyo ambaye pia humeza dawa za maumivu yuko katika hatari maradufu. Habari njema ni kwamba hupimwa na kutibiwa vikaisha.

Jambo la kuogofya ni kwamba kidonda cha mzee kinaweza kuwa kimya. Dawa inayotuliza goti hutuliza pia uchungu wa kidonda. Damu huvuja kidogo kidogo, mzee akaanza kuchoka, kuhema akipanda mlima mdogo na kuona kizunguzungu akisimama. Watu wa nyumbani husema ni uzee, kumbe ni upungufu wa damu.

Dawa ya kutibu dawa nyingine

Mzee akilalamika kiungulia, hupewa omeprazoli ya kupunguza asidi. Dawa hii imeokoa wengi tangu ilipoanza kuuzwa mwaka wa 1988. Kwa kidonda cha kawaida hutumiwa kwa wiki nne hadi nane. Tatizo ni kwamba wengi huendelea nayo miaka mitano au kumi bila mtu kuuliza sababu.

Asidi ina kazi yake. Huua viini vinavyoingia na chakula au maji, na husaidia mwili kupata vitamini B12 kutoka kwa nyama, maziwa na mayai. Ikizimwa kwa miaka, mzee anaweza kupata maambukizi ya utumbo kwa urahisi na kupungukiwa na vitamini hiyo pamoja na madini ya magnesi. Mzee ambaye mlo wake ni muthokoi na maharagwe, na nyama huiona sikukuu, tayari hupata B12 kidogo.

Wapo lakini wanaofaa kuendelea nayo, hasa walioagizwa aspirini ya moyo na waliowahi kutokwa na damu tumboni. Tena ikikatizwa ghafla, asidi hurudi kwa nguvu. Kwa hivyo usimwachishe mzee mwenyewe, mwulize daktari.

Kuendesha na kufunga choo

Metformini, dawa ya kisukari, huwafanya baadhi ya watu kuendesha na kujaa gesi. Mara nyingi nafuu huja ikimezwa pamoja na chakula, au daktari akibadilisha kipimo au aina. Ikitumiwa kwa miaka mingi, nayo hupunguza B12. Mzee wa kisukari akisema nyayo zake zimekufa ganzi, huenda si sukari peke yake. B12 inafaa kupimwa.

Dawa za kuua viini kama amoksilini huua pia bakteria wema wanaoishi katika utumbo mpana na kuukinga. Mzee aliyezinunua ovyo kwa kila kikohozi anaweza kuendesha vibaya hadi akaishiwa na maji mwilini.

Kwa upande mwingine, tembe za madini ya chuma, kodeini, tramadoli, amitriptilini na baadhi ya dawa za presha hufunga choo. Zile za kukojoza nazo huondoa maji. Sasa fikiria miezi ya kiangazi kati ya Juni na Oktoba, wakati watu wa Kitui huchimba mchanga wa mito iliyokauka kama Tiva ili wapate maji. Mzee hunywa vikombe viwili kwa siku ili kuweka akiba, choo kikawa kigumu kama jiwe, naye akaanza kumeza dawa ya kuharisha kila usiku. Hiyo ni dawa nyingine tena.

Chakula kinaweza kusaidia. Muthokoi hutwangwa kuondoa maganda, na nyuzinyuzi nyingi huondoka na maganda hayo. Isyo ya mahindi yasiyokobolewa, mbaazi, ndengu, majani ya kunde, mapapai na maembe hulainisha choo, mradi mzee anywe maji ya kutosha na atembee kidogo kila siku.

Ufanye nini?

1. Ukienda nyumbani, mwombe mzee kwa heshima akuonyeshe dawa zote, zikiwemo za mitishamba na zile za bahasha. Ziweke mezani. Andika jina la kila moja, nani alimpa, tangu lini na kwa ugonjwa gani.

2. Zipeleke zote kwa mhudumu mmoja wa afya, iwe ni zahanati ya karibu au hospitali ya rufaa ya Kitui au ya Wote. Uliza: Je, bado anaihitaji? Je, zinagongana? Je, kipimo chaweza kupunguzwa? Je, anahitaji kupimwa damu?

3. Usimwachishe ghafla dawa ya presha, kisukari, moyo au prednisoloni. Kufanya hivyo kwaweza kuua upesi kuliko kidonda.

4. Kwa magoti, uliza kwanza juu ya dawa ya kupaka, ambayo huingia kwenye damu kidogo sana, na parasetamoli, ambayo haidhuru tumbo hivyo. Parasetamoli isizidi tembe 8 za miligramu 500 katika saa 24, na mzee aliyekonda au mwenye ugonjwa wa ini hupewa pungufu. Bakora nzuri na mazoezi ya kuimarisha mapaja husaidia pia.

5. Soma maandishi madogo kwenye pakiti. Baadhi ya tembe za kichwa zinazouzwa vibandani zina aspirini ndani yake.

Dalili za hatari

Mpeleke mzee hospitalini bila kuchelewa iwapo choo chake ni cheusi, chenye kunata kama lami na kunuka vibaya, iwapo ametapika damu au kitu kinachofanana na machicha ya kahawa, iwapo amezirai, au iwapo ana maumivu makali ya tumbo ya ghafla. Tembe za madini ya chuma nazo hufanya choo kuwa cheusi, lakini hakinati wala kunuka kama lami hiyo. Ukiwa na shaka, mpeleke apimwe.

Wazee wengi hawapendi kuzungumza juu ya choo, hasa mbele ya watoto wao. Mtafute mtu wa rika lake au mhudumu wa afya wa kijijini amwulize kwa faragha. Na safari ijayo utakapoombwa dawa za magoti, kabla ya kununua, uliza kwanza swali moja: ni dawa gani nyingine anazomeza?