Kwa Nini Pankeki za Boksi Hazikuumuka

Katika jiko la Tangini, Kibaha, unga wa pankeki wa boksi mara nyingi unaangukia mkono uliozoea chapati za maji. Mpishi anamimina maji, anakoroga kwa nguvu mpaka kisibaki kidonge hata kimoja, kisha anafunika bakuli akisubiri mkaa ukolee. Mwisho zinatoka pankeki bapa, ngumu, zinazovutika mdomoni. Boksi linalaumiwa, na mara nyingi linaonewa.

Kitu huumuka kwa sababu kuna hewa iliyonaswa ndani yake wakati kinaiva. Chapati ya maji haihitaji hewa hiyo, kwa hiyo uji wake ukikaa saa nzima hupotezi chochote. Vitumbua vina hamira, ambayo ni viumbe hai: hula sukari na kuendelea kutoa hewa ya ukaa kwa saa nyingi. Uji wa vitumbua ukisubiri, unazidi kuwa mzuri.

Ndani ya boksi hakuna kiumbe hai. Kuna sodiamu baikaboneti na asidi ya ungaunga, vyote vikavu, na vikiwa vikavu vinakaa kwa amani. Maji yakiingia vinayeyuka, vinakutana, na hewa ya ukaa inaanza kutoka papo hapo. Mfamasia wa Birmingham, Uingereza, Alfred Bird, alitengeneza poda ya namna hii mwaka 1843 kwa ajili ya mkewe, ambaye vyakula vya hamira vilimdhuru. Gramu 5 za sodiamu baikaboneti zikipata asidi ya kutosha hutoa karibu lita moja na nusu ya hewa. Si haba, lakini ikishatoka imetoka. Hakuna kinachozalisha nyingine. Poda nyingi za siku hizi zina asidi ya pili inayosubiri moto, na hiyo huokoa sehemu tu ya kilichopotea bakulini. Kwa hiyo washa jiko kwanza, mkaa ukolee, kikaango kipate moto, ndipo utie maji kwenye unga.

Ugumu una chanzo kingine. Protini za ngano zikilowa na kukorogwa huungana kuwa gluteni, nyuzi zinazovutika kama mpira. Chapati za kusukuma tunazikanda makusudi tuipate. Pankeki inadhurika nayo, na kila mzunguko wa mwiko pia unafukuza hewa. Koroga mpaka unga mkavu usionekane, uache hapo. Vidonge vidogo vitaiva bila kuonekana. (Unga wa mchele hauna gluteni, ndiyo maana uji wa vitumbua unavumilia kupigwa sana.)

Boksi lenyewe lina kosa pale tu lilipokaa wazi. Hewa ya Pwani ina unyevu, nao hufanya kazi ya maji polepole kabatini. Tia kijiko cha unga huo kwenye maji ya moto: usipoona mapovu, umeshakwisha nguvu.

Kuhusu moto, punguza mkaa. Wanga huanza kuvimba na kushika kwenye nyuzi joto 60 hivi, lakini joto linahitaji muda kufika katikati. Mkaa mkali hubabua chini huku juu kukiwa bado uji. Geuza pale mapovu ya juu yanapopasuka na matundu yake yakabaki wazi. Yakijifunga tena, subiri kidogo.