Kupenya Mianzi ya Nyandarua Pasipo Njia

Njia ya Elephant Hill kutoka Njabini imekanyagwa sana. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuiacha: apande mgongo mwingine wa safu ya Nyandarua, au asonge kuelekea kilele cha Kinangop, mita 3,906, ambako njia hufifia. Kinachochosha huko ni uoto. Katika ukanda wa mianzi, ulio takribani kati ya mita 2,400 na 3,000, watu wenye nguvu zao huweza kumaliza saa nzima kwa nusu kilomita. Panga siku kwa saa, kilomita zitakudanganya.

Hatua ya 1: Anzia ofisini

Omba ruhusa katika ofisi ya hifadhi na uende na askari wa wanyamapori mwenye bunduki. Yeye ndiye anayejua ndovu wako upande gani wiki hiyo. Chukua ramani ya 1:50,000, lakini usiiamini kupita kiasi: kama kontua zake ni za kila mita 20, genge la mita 15 laweza kujificha katikati ya mistari miwili na usilione mpaka ulifikie.

Hatua ya 2: Vaa na ufunge mzigo

Mikono mirefu, suruali nzito, glavu za ngozi, miwani ya kukinga macho. Wenyeji wengi huvaa gambuti. Usiwacheke, maana majani ya mianzi hukumwagia maji hata siku isiyo na mvua. Kila kitu kiingie ndani ya mkoba. Mkeka au chupa inayoning'inia itanaswa kila baada ya hatua tatu.

Hatua ya 3: Panda kwa mgongo

Hapa ndipo safari inapofaulu au kuharibika. Mgeni hushawishika kufuata mto, kwa kuwa mto unaonekana na una mwelekeo. Lakini bondeni ndiko thabai iwashayo na miiba inakoshonana, kingo ni telezi, na maporomoko hutokea ghafla. Maporomoko ya Karuru, katika safu hii hii, hudondoka mita 273 kwa vipande vitatu. Mgongoni uoto huachana kidogo, na miguu husikia mteremko pande zote mbili hata ukungu ukifunga.

Tena, unapopanda, migongo hukutana: ukikosea kidogo bado utafika juu. Unaposhuka hugawanyika, na tawi la kukupoteza hufanana kabisa na la kukufikisha. Kwa hiyo kazi ya kurudi hufanywa wakati wa kupanda. Kila migongo miwili inapoungana, simameni, geukeni, tazameni mtakachokiona mkirudi. Hifadhi sehemu hiyo kwenye GPS, kisha andika kwenye karatasi urefu wake na nyuzi za dira za kurudia. Baridi hula betri. Karatasi haina betri.

Hatua ya 4: Ndani ya mianzi

Anayetangulia hawezi kupenya na kuangalia dira kwa wakati mmoja. Mpe dira wa pili, naye amwelekeze: "kushoto kidogo, nyoosha." Usitegemee jua, maana karibu na ikweta, saa sita mchana, huwa juu mno kukuonyesha upande. Acheni mita mbili au tatu kati yenu ili fito zisimchape wa nyuma, ila msipotezane sauti. Mbadilishane anayetangulia kabla hajachoka. Aliyechoka huanza kufuata upenyo wowote anaouona. Mwanzi uliokatika huacha ncha kali, basi angalia unapotaka kuangukia. Panga libaki nyumbani: hifadhini hakukatwi kitu.

Hatua ya 5: Njia za ndovu

Ndovu hawapendi kupoteza nguvu. Njia zao hushika migongo na kukata mteremko kwa pembe nafuu, na zikielekea unakokwenda zitumie. Kwanza chunguza mavi. Makavu, endelea. Yakiwa bado na joto, au mianzi iliyovunjwa ikiwa mibichi, msikilize askari hata akisema mrudi mlikotoka. Zungumzeni kwa sauti muda wote, kwa sababu nyati aliyeshtuliwa akiwa hatua chache tu ni hatari kubwa.

Hatua ya 6: Kugeuka

Jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, lakini ndani ya mianzi giza hutangulia. Ikifika saa saba mchana, geukeni popote mlipo. Kushuka hakutakuwa kwepesi kuliko kupanda, nami sijaona hoja ya kilele iliyoshinda hiyo.

Hatua ya 7: Mkipotea

Simameni na mle kitu kabla ya kuamua lolote. Rudini kwenye alama ya mwisho mnayoijua, hata kama ni kupanda tena. Msiteremke mtoni. Simu hushika mtandao zaidi mgongoni. Pigeni 999 au ofisi ya hifadhi mlikoanzia. Giza likiingia, vaeni nguo zote, kaeni pamoja, na mpulize filimbi mara tatu, mtulie kusikiliza, kisha mrudie.