Kula na Kura

Wahenga walinena samaki mkunje angali mbichi. Hawakusema mvunje!

Mdogo wangu yuko gredi ya 1. Siku moja alimwambia mwalimu, "Nataka kura," darasa zima likaangua kicheko. Tangu hapo akawa bubu darasani. Kumbe hakukosa akili. Kimeru cha baba na Kiembu cha mama vyote husema *kuria*, kwa sauti ya r, naye akaja nayo hiyo r yake katika Kiswahili.

Likizo ilipofika sikumkaripia. Nilichemsha viazi vitamu, nikakata karatasi. Akisema "kula", anapata kipande cha kiazi. Akisema "kura", anapata karatasi ya kumchagua kiongozi wa mchezo. Siku ya kwanza alirundika karatasi huku njaa inamuuma! Siku ya tatu alimaliza sahani. Hapo akatambua kuwa herufi moja yaweza kumnyima mtu chakula.

Kisha tukazalisha maneno kutokana na shina moja: pika, pikia, pikisha, mpishi, mapishi. Akauliza mwenyewe, "Na anayekula?" Nikamwambia, mlaji. "Na wa kura?" Mpiga kura. Bas, maswali hayakwisha hadi usiku.

Funzo ni hili: neno lifanye kazi mbele ya macho ya mtoto, naye atalipenda. Lakini ukimcheka, atanyamaza, na mtoto aliyenyamaza utamsahihisha nini?