Istinja inaishia nje

Dada mmoja wa darsa yetu ya wanawake aliacha kuja kwa miezi miwili. Nilipomtembelea alinong'ona: anatokwa na majimaji yenye harufu ya samaki, anajiona hana twahara, basi kabla ya kila swala hujiosha ndani kwa sabuni, limao na shabu. Anaishi na virusi vya ukimwi. Mumewe anajua, naye hana. Alidhani harufu ile ni ukimwi "unaotoka". Ameniruhusu kuandika bila kumtaja.

Sivyo, dada zangu. Katika uke wenye afya Allah ameweka bakteria walinzi waitwao laktobasili. Hutengeneza asidi ile ile inayogandisha maziwa, na uchachu huo huwazuia bakteria wengine. Walinzi wakipungua, wengine huzidi, ndipo huja majimaji mepesi ya kijivu na harufu, hasa baada ya tendo la ndoa. Hata wasio na VVU hupata, wala si ushahidi wa zinaa.

Sabuni na shabu huwaondoa walinzi hao. Masikini, alikuwa akizidisha maradhi kwa nia ya ibada! Wanazuoni wa Kishafi wameweka mpaka: mwanamke huosha kinachoonekana anapochuchumaa. Maji yanatosha. Anayetokwa mfululizo ajisafishe, ajifunge kitambaa, atawadhe wakati ukishaingia, aswali.

Lakini asipuuze. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu wanandoa na wapenzi ambao mmoja tu ana VVU, katika nchi saba za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, ulionyesha kuwa mwanamke mwenye VVU akiwa na hali hii, hatari ya mwanamume wake kuambukizwa huzidi mara tatu. Wanawake wale walikuwa hawajaanza ARV. Anayemeza dawa kila siku mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mumewe kwa tendo la ndoa. Kwa hiyo ARV kwanza.

Hali yenyewe hutibiwa hospitali, mara nyingi kwa vidonge vya metronidazoli kwa siku 7. Tatizo hurudi sana. Na hapa nawageukia akina baba: utafiti wa Australia wa mwaka 2025 ulikuta kwamba mke akitibiwa peke yake, ilirudi kwa wanawake 63 katika 100 ndani ya wiki 12, mume alipotibiwa pamoja naye, kwa vidonge na krimu, ilirudi kwa 35.

Mume wa dada huyu nilidhani atakasirika. Aliuliza tu kliniki inafunguliwa saa ngapi.