Kabla ya Kutia Nanga Aldabra

Aliyewahi kuvuka kwenda Changuu, pale mbele ya Mji Mkongwe wa Unguja, amewaona kobe wake wakubwa. Wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na asili yao ni Aldabra, kisiwa cha matumbawe kilichoko kaskazini-magharibi mwa Madagaska. Huko wapo takriban 100,000. Hakuna kijiji, hoteli wala uwanja wa ndege. Wakazi ni wafanyakazi wachache wa kituo cha utafiti katika sehemu iitwayo Picard.

Nahodha wa mashua ya tanga anayetoka Kilifi au Tanga asielekeze omo huko moja kwa moja. Chombo cha kigeni sharti kwanza kiingie Port Victoria, kisiwani Mahé, kikamilishe mambo ya uhamiaji, forodha na afya. Kibali cha Aldabra hutolewa na Seychelles Islands Foundation, taasisi inayokisimamia kisiwa, nacho kina ada yake. Kiombe mapema ungali nyumbani.

Mzunguko huo unaendana na pepo. Katika miezi ya kaskazi, upepo wa upande wa Shelisheli huvuma kutoka kaskazini-magharibi na kukusaidia kufika Mahé. Lakini hiyo pia ni miezi ya vimbunga, na ingawa Mahé haiko katika njia ya vimbunga hivyo, visiwa vya kusini havina kinga hiyo: Aprili 2016 kimbunga Fantala kiliipiga Farquhar vibaya. Kwa hiyo subiri kusi. Kutoka Mahé ni zaidi ya kilomita 1,100 kuelekea kusini-magharibi, na upepo utakupiga ubavuni, mkono wa kushoto. Ukirudi pwani yetu, utakusukuma kwa nyuma. Julai na Agosti kusi huwa kali sana. Septemba na Oktoba hupoa.

Kisiwa chenyewe ni cha chini, wastani wa mita 8 tu juu ya bahari, hivyo usitarajie kukiona kwa mbali. Mchana, mawingu yaliyo juu yake huweza kuwa na rangi ya kijani hafifu inayoakisiwa na maji yaliyozungukwa na kisiwa. Ukikaribia usiku, kaa nje mbali mpaka kupambazuke, hata kama watu wako wamechoka. Wakichoka ndipo hasa wanapaswa kusubiri, kwa maana mwamba huinuka ghafla kutoka kilindini na mahali pa kutia nanga ni pembamba. Tafuta mchanga, kwani nanga ikiburutwa juu ya matumbawe huharibu kilichoota kwa miaka mingi. Usijaribu kuingia katika maji hayo ya ndani peke yako. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na karibu yote hupita katika milango michache kwa mkondo mkali. Waachie wenyeji wa kituo wakuongoze.

Lakini kuna jambo lililo zito kuliko upepo na nanga. Hatari kubwa kwa Aldabra ni vitu vinavyosafiri na chombo bila nahodha kujua. Panya walifika kwa meli za zamani, na hadi leo wanakula mayai na makinda ya ndege. Paka walimmaliza kabisa, pale Picard, ndege mdogo asiyeruka ambaye hapatikani popote pengine duniani; ilibidi ndege hao warudishwe mwaka 1999 kutoka sehemu nyingine ya kisiwa hichohicho. Mbuzi walioachwa na watu walikula mimea inayowapa kobe kivuli, na kuwaondoa wote kulichukua miaka mingi.

Basi kabla ya kung'oa nanga Mahé, safisha mkuku, toa mwani na chaza walioshika. Kagua makasha ya vyakula, magunia, kamba zilizokunjwa. Osha viatu na mabegi, chokonoa mbegu kwenye soksi na mifuko, kung'uta mchanga wa fukwe nyingine. Ukiona kinyesi cha panya au msafara wa sisimizi ndani ya chombo, ahirisha safari. Mbwa na paka wasipande kabisa.

Ukishashuka, usiwape kobe chakula, na usiwazuie njia. Jua la adhuhuri huwaua, nao hutafuta kivuli kwa haraka kubwa kuliko unavyodhani. Ukisimama kati ya kobe na mti wake, unamweka hatarini. Usiku zima taa zinazoelekea ufukweni, maana kasa hupanda kutaga. Usikaribie kwa injini mikoko wanakotaga ndege wa baharini: wazazi wakiruka, makinda hubaki wazi juani.

Na takataka zako rudi nazo zote. Mwaka 2019 wafanyakazi wa kujitolea waliondoa Aldabra tani 25 za plastiki, nyingi zikiwa nyavu, kamba na ndala zilizoletwa na mikondo kutoka mbali. Kazi hiyo ilichukua wiki tano, na mamia ya tani nyingine bado zipo.